Kadi Mbili Kwenye Karatasi Moja

Nina diploma ya majokofu na viyoyozi. Nalitaja hilo mapema ili ieleweke kwamba yaliyonipata hayakumpata mtu mjinga. Nilimaliza chuo nikiwa wa pili katika darasa la watu thelathini na mmoja, na yule wa kwanza alikuwa anarudia mwaka. Baada ya hapo nilikaa Maskati miaka kumi na tisa nikipoza nyumba za watu, na niliporudi Tanga sikurudi na begi la nguo na hadithi kama wengine. Nilirudi na kontena la zana na kiwanja kilichokwisha kulipiwa. Nikajenga karakana Barabara ya Nane, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nahudumia hoteli mbili, mabucha matano na chumba cha baridi cha soko la samaki.

Nilijitengeneza mwenyewe. Nimewaambia watu wengi hivyo, na kwa miaka mingi hakuna aliyenibishia.

Dada yangu ndiye aliyepata nafasi nyingi zaidi za kunibishia, na hakuzitumia. Anauza machungwa Muheza, pale mabasi yanaposimama. Alianza kabla mimi sijaanza shule na hajaacha hadi leo. Anaweza kumenya chungwa bila kuliangalia, ganda likatoka moja refu kama utepe, huku anagombana na kondakta, anamwamkia mke wa mchungaji na anarudisha chenji. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la pili, kwa hiyo yeye ndiye aliyenilea. Amenizidi miaka tisa tu lakini namwamkia shikamoo, na hajawahi kuniambia niache.

Kila msimu machungwa yakijaa, bei huanguka mpaka gunia zima linauzwa kama gunia tupu, na mengine huozea pale pale miguuni pake. Akapata wazo la kukamua juisi, kuigandisha, na kuiuza miezi ambayo machungwa hayapo. Nilimwambia kwamba kitaalamu wazo lile ni zuri. Akanijibu kwamba hakuniuliza kama ni zuri, aliniuliza mashine ni bei gani.

Nikampigia simu muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Mashine ya umeme ya kukamulia, ya chuma kisichoshika kutu, pamoja na friza kubwa: milioni tatu na nusu. Mashine ingekuja kwa meli baada ya miezi miwili hivi, na malipo yangefanyika ikifika. Dada akasema pesa anayo. Iko kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo liko chini ya kitanda, na karibu zote zimehamia chini ya godoro kwa sababu kopo limejaa.

"Dada, pesa haikai chini ya godoro siku hizi," nilimwambia.

"Imekaa miaka sita. Ilikuambia imechoka?"

"Moto ukitokea je? Mwizi akiingia?"

"Mwizi akiingia atanikuta nimeilalia."

"Nikuwekee mimi kwenye akaunti yangu. Nina kadi. Ina namba ya siri ambayo hata mke wangu haijui."

"Hata mkeo?"

"Hata yeye."

"Maskini," akasema, na sikumuuliza anamsikitikia nani.

Siku ya tatu akanipa. Noti nyingine zilikuwa na harufu ya maganda ya machungwa. Nilimwandikia stakabadhi, nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika cheo changu, Fundi Mkuu. Aliikunja stakabadhi bila kuisoma, akaiweka ndani ya lile kopo la maziwa. Nilimwambia kwamba sasa pesa yake iko mahali salama kuliko pesa yoyote ya Muheza.

Mwanzoni mwa mwaka huo huo, kabla dada hajanipa pesa, meneja wa benki yangu alikuwa ameniita ofisini kwake, akaniagizia soda, akanipa kadi ya pili. Alisema wateja wanaopewa kadi ile ni wachache sana hapa Tanga. Hilo halikunishangaza. Niliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyeusi, nzito kidogo kuliko ile ya kwanza, na jina langu limeandikwa kwa herufi zilizoinuka. Nilipokuwa mlangoni ndipo nikauliza inaitwaje.

"Kadi ya mkopo, mzee," alisema.

Nilisimama kidogo pale mlangoni.

Akanieleza, na nilimwelewa vizuri. Ile ya kwanza, ambayo watu wote huiita kadi ya ATM, ukiitumia inachukua pesa yako palepale kwenye akaunti. Hii nyeusi inachukua pesa ya benki, kisha mwisho wa mwezi wewe unairudisha, na ukiirudisha yote kwa wakati hakuna riba. Nilimshukuru. Lakini mimi sijawahi kukopa, na kwetu mtu anayekopa anajulikana kwa njia anazopita: haonekani mbele ya duka, anazungukia nyuma. Nikaiweka kadi nyeusi kwenye pochi, mahali inapoonekana nikifungua, na kila nilipolipa nilitoa ile nyingine. Nikiulizwa dukani nalipa na ipi, nilisema kwa sauti, "Hii yenye pesa yangu mwenyewe."

Sasa nije kwenye suala la kopi.

Mwaka wangu wa pili Maskati nilipoteza pasi ya kusafiria. Wenzangu waliowahi kupoteza zao walihangaika miezi. Mimi nilikuwa na kopi, nikapata nyingine upesi. Tangu hapo mimi ni mtu wa kopi. Kila chenye maana ninacho mara mbili: kimoja kabatini, kimoja kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Wakati wa kuhuisha leseni ya biashara nilitakiwa kupeleka nakala za diploma na kitambulisho zilizogongwa muhuri wa wakili, kwa hiyo nilikwenda stationery iliyo mtaa wa pili, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, nilitoa pochi.

"Na hizi mbili," nilimwambia mwanamke wa mashine.

Alizipanga kadi zangu kwenye kioo, ya ATM juu, nyeusi chini. "Mbele tu?"

"Mbele na nyuma."

Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi nyeusi, lakini kila namba ilisomeka. Akaichungulia, akaitupa kwenye boksi lililokuwa chini ya meza. Diploma nayo ilitoka vibaya mara ya kwanza, ikaelekea huko huko. Zilizofuata zilitoka safi, kama zimepigwa chapa.

"Zilizoharibika sikutozi, kaka," alisema.

Nilimwona mtu mwaminifu, na nikamwambia hivyo.

Wakili aligonga muhuri kwenye kila karatasi bila kuinua macho: diploma, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, kadi mbili za benki. Nina hakika mimi ni mmoja wa watu wachache katika mkoa huu ambao kadi zao za benki zimewahi kuthibitishwa na mwanasheria.

Haukupita mwezi. Ilikuwa Jumatano, baada ya swala ya adhuhuri, niko ndani ya chumba cha baridi cha soko la samaki, nimevaa koti zito, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Simu ikalia mara tano mfululizo. Nilidhani ni mke wangu, kwa sababu akiwa na haraka hutuma ujumbe nusu nusu. Ujumbe wa kwanza ulisema nimenunua viatu kwa kadi ya ATM kwenye duka la mtandaoni la nchi ambayo sijawahi kufika. Wa pili, viatu tena. Wa tatu, viatu. Aliyeniibia alikuwa ama mfanyabiashara au mtu mwenye miguu mingi. Wa nne ulihusu kadi nyeusi: simu mbili za bei kubwa. Wa tano ulikuwa wa benki, ukinijulisha kwa heshima kwamba kwenye akaunti yangu imebaki shilingi elfu sita na mia mbili.

Nilitoka jasho ndani ya lile koti. Wauza samaki waliniuliza kama mashine imeharibika. Niliwaambia mashine ni nzima.

Nilipiga simu kadi zifungwe zote mbili, kisha nikaenda benki na koti langu. Nilipokewa na mwanamke kijana aliyevaa mtandio wa kijani, aliyeniamkia shikamoo na kunivutia kiti. Nikamsimulia. Akafungua kadi zote mbili kwenye kompyuta yake, akasoma kwa muda.

"Hii nyeusi isikuumize kichwa," alisema. "Hapa hukuibiwa wewe, tumeibiwa sisi. Hilo deni nalisimamisha sasa hivi. Hulipi chochote mpaka tumalizane na hilo duka."

"Na hii ya ATM?"

"Hii umeibiwa wewe."

"Mwizi ni mmoja."

"Mwizi ni mmoja, mzee, lakini pesa ni za watu wawili. Ya mkopo ilitoka kwetu na wewe bado hujatulipa, kwa hiyo benki inagombania chake. Ya ATM ilitoka kwenye akaunti yako ile saa ile. Hiyo inabidi tuombe irudi, na kuomba kunachukua wiki nyingi. Na inaweza isirudi."

"Kwa hiyo benki inagombania pesa yake kwa bidii kuliko inavyogombania yangu?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Ndiyo," alisema.

Mpaka leo namheshimu yule binti kwa jibu lile.

Nilimuuliza mwizi aliwezaje, wakati namba ya siri ninayo mimi peke yangu kichwani. Akasema namba ya siri ni ya mashine ya kutolea pesa. Mtandaoni mtu anahitaji namba ndefu ya mbele, tarehe ya kadi kuisha, na zile tarakimu tatu za nyuma, na yapo maduka yasiyouliza zaidi ya hapo. Alisema "mbele" na "nyuma" kwa sauti ya kawaida kabisa.

Akanipa fomu mbili. Ya kadi ya mkopo ilikuwa na maswali sita: jina, namba, tarehe, kiasi, duka, sahihi. Nikaijaza palepale. Ya kadi ya ATM ilikuwa na maswali kumi na moja, na la saba lilisema hivi: Je, umewahi kumpa mtu yeyote kadi yako, namba yako ya siri au nakala ya kadi yako? Niliijaza yote nikaruka hilo. Nikamwambia nitairudisha.

Kwenye ngazi za benki nilinunua karanga. Sikuwa na njaa, nilitaka tu mikono iwe na kazi. Nilipozimaliza nikaona zile karanga zilifungwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtu, kopi iliyotoka nyeusi nyeusi. Nikakisoma chote, jina la baba, jina la mama, kijiji cha Mkwaja. Kisha nikatembea haraka hadi stationery.

"Karatasi zinazoharibika huwa unazipeleka wapi?" nilimuuliza yule mwanamke.

"Hatuzitupi, kaka. Karatasi ni mali."

"Nakuuliza zinakwenda wapi."

"Kwa wauza karanga. Wananunua kwa kilo."

"Na kopi za kadi zangu?"

"Kopi zako nilikupa. Nzuri zote nilikupa, mbaya sikukutoza."

Lilikuwa kweli, kila neno. Sikuwa na la kumshtaki.

Mtu asiye na elimu angekwenda nyumbani akalia. Mimi nilifanya uchunguzi. Kwa siku tatu nilinunua karanga kwa kila muuzaji kuanzia sokoni hadi stendi, nikawa nazimimina kwenye mfuko wa plastiki na kunyoosha karatasi juu ya goti. Nilisoma mtihani wa jiografia wa kidato cha pili, ambao ningefaulu. Nilisoma muhtasari wa kikao cha kamati ya harusi kilichovunjika kwa sababu ya keki. Nilisoma nusu ya mkataba wa ndugu wawili wa Tongoni waliouziana shamba, na nusu yenye bei haikuwepo. Mke wangu alipika kisamvu cha karanga siku nne mfululizo, bila kuniuliza kitu.

Siku ya tatu, kwa mama mmoja anayekaa karibu na posta, nilifungua karatasi nikaikuta diploma yangu. Nusu ya juu. Jina langu lilikuwepo lote, na neno majokofu, na doa la mafuta lilikuwa limekaa juu ya alama zangu kiasi kwamba hazikusomeka.

"Mama, hii umeipata wapi?"

"Karanga? Za Handeni hizo."

"Karatasi."

"Kaka, kama kitamu ni karatasi, rudisha karanga."

Nikamwomba niangalie karatasi zilizobaki. Akaniruhusu baada ya kununua vifungu sita. Hapakuwa na kadi.

"Zile nyeusi nyeusi zimeisha zamani," alisema. "Watu wananunua huku wananung'unika, eti zinachafua vidole."

Kwa hiyo yuko mtu aliyenunua karanga za shilingi mia mbili, akazila, akatazama alichoshika, na kwa bahati yangu alikuwa mtu wa kusoma. Hajapatikana hadi leo.

Nilirudi kwa binti wa mtandio wa kijani nikiwa na kalamu yangu mwenyewe. Nikamwambia niko tayari kwa swali la saba.

Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Mzee, hilo swali watu wengi huandika hapana."

"Wangapi kati yao wana diploma?"

"Hatuulizi hilo kwenye fomu."

Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Pesa zangu zilikuwa zimekwenda, lakini zangu zingerudi. Hoteli zingelipa, mabucha yangelipa. Nilichokuwa nakiandikia ni kopo la maziwa ya unga. Nikiandika hapana, huenda milioni tatu na nusu za dada zingerudi. Nikiandika ndiyo, huenda zisirudi. Na juu ya kabati langu kulikuwa na karatasi yenye kadi zote mbili, mbele na nyuma, na muhuri wa wakili, na tarehe.

Nikaandika: Ndiyo, tazama kiambatisho. Kiambatisho kilikuwa kurasa mbili. Nilieleza mashine, kioo, boksi la chini ya meza, biashara ya karatasi kwa kilo, na nikaambatanisha nusu ya diploma yenye mafuta kama Kielelezo A. Binti alisoma kurasa zote mbili.

"Umeandika vizuri sana, mzee," alisema.

"Asante."

"Ndiyo maana nasikitika."

Deni la kadi nyeusi lilifutwa siku ya tisa. Walinitumia ujumbe mfupi wenye neno pole. Kuhusu kadi ya ATM nilisubiri wiki saba, na katika wiki hizo sikufika Muheza. Dada alikuwa ananipigia kila Ijumaa.

"Meli iko wapi?"

"Bado iko njiani, dada."

"Meli gani hiyo? Inapigwa makasia?"

Wiki ya saba ikaja barua. Ilisema kwamba, kwa mujibu wa maelezo ya kina ya mteja mwenyewe, nakala za kadi zilitolewa kwa mtu mwingine kwa hiari ya mteja, na kwa hiyo madai hayakubaliki. Sijawahi kuandika kitu kilichosomwa kwa makini namna ile. Siku iliyofuata muuzaji wa Dar es Salaam alinipigia simu: mashine imefika, ataishika wiki moja, baada ya hapo anampa mteja mwingine. Msimu ulikuwa umeshaanza. Malori yalikuwa yanapita Muheza yakiwa ya rangi ya machungwa mpaka juu.

Nikaenda. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, beseni mbele, kisu mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Meli imefika?"

"Imefika."

"Mbona uso wako bado uko baharini?"

Nikamweleza yote, kuanzia kioo cha mashine hadi barua. Sikupunguza kitu. Alikuwa anamenya chungwa wakati naanza, na nilipofika kwenye barua ganda lilikatika. Sijawahi kuona ganda likikatika mkononi mwake.

"Karanga," alisema.

"Karanga."

"Pesa yangu imekaa chini ya godoro miaka sita, panya hawakuigusa. Wewe umeichukua ukaipeleka benki kwa gari, ikaenda kuliwa na karanga."

"Si karanga zenyewe, ni aliyenunua..."

"Na una diploma."

"Ninayo."

"Imebaki nusu."

"Hiyo ni kopi, dada. Yenyewe iko ukutani."

Hakucheka. Aliliweka lile chungwa pembeni, akachukua jingine, hakulimenya.

"Kwa nini hukuandika hapana?"

"Ungekuwa uongo."

"Na meli? Wiki saba naambiwa meli."

Kwa hilo sikuwa na kiambatisho.

Kisha akauliza kuhusu ile kadi nyingine, iliyofutiwa deni siku ya tisa. Nikamwambia benki wamenipa mpya, nyeusi kama ile ya kwanza. Akataka kuiona. Nikaitoa kwenye pochi, akaigeuza mbele na nyuma.

"Hii ikiibiwa wanaibiwa wao?"

"Kwanza wao."

"Inaweza kununua mashine?"

"Inaweza."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipopewa ile ya mwanzo. Kabla hujanipa pesa."

"Sasa kwa nini pesa yangu uliiweka isubiri meli kwenye ile inayoibika, na hii unatembea nayo kama picha?"

"Hii ni ya mkopo," nilisema. "Mimi sijawahi kukopa maishani mwangu."

Dada yangu aliweka kisu chini.

"Ada ya chuo ilitoka wapi?"

"Ulinipa wewe."

"Nauli ya kwenda Arabuni?"

"Wewe."

"Na ulinirudishia lini?"

Nilimkumbusha bati za nyumba, televisheni, vitambaa vya kila Idi.

"Hizo zilikuwa zawadi, nilikushukuru. Nakuuliza ile ya ada."

"Ile haikuwa mkopo, dada."

"Ilikuwa nini?"

Basi la Arusha likaingia. Akainuka na beseni, akauza dirisha kwa dirisha, akagombana na abiria aliyetaka matano kwa bei ya matatu, akarudi, akakaa, akapangusa mikono. Alikuwa bado anasubiri.

"Sijui inaitwaje," nilisema.

"Hujui inaitwaje, na umeitumia ukapata diploma. Basi na hii itumie hivyo hivyo."

Jumatatu tulikwenda Dar es Salaam pamoja. Dada aliikagua mashine kama anavyokagua gunia, kwa kuipiga kofi. Muuzaji akaniuliza nalipa na kadi ipi. Nilisema ya mkopo, kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida yangu. "Hajakusikia," dada akasema. Nikarudia. Watu watatu waliokuwa dukani hawakugeuka, jambo ambalo sikulitegemea.

Malipo yakapita. Yule muuzaji, mtu mwenye adabu, akachukua kadi yangu kutoka kaunta, akaelekea kwenye mashine iliyokuwa kwenye kona.

"Nitoe kopi kidogo kwa ajili ya faili la dhamana," alisema. "Mbele na nyuma."

Sikuwahi kufungua mdomo. Dada yangu alikuwa ameshamfikia. Aliichukua kadi kutoka kwenye vidole vyake taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe, akaifunga kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno.

Deni lile nililipa kidogo kidogo mwisho wa kila mwezi, bila kuchelewa, pamoja na riba yake, na lilikwisha kabla machungwa hayajaisha. Kadi haijarudi kwenye pochi yangu. Nikiihitaji naenda Muheza, natoa shikamoo, nasema ninataka kununua nini, na yeye anafungua fundo kama ameridhika. Wateja wangu wakiniuliza nimefikaje hapa nilipo, bado nawaambia nilijitengeneza mwenyewe. Nikiwa Muheza silisemi hilo.